Rafiki wa shamba hana picha

Ua la bilinganya lina kufuli. Chavua yake, ule unga wa njano unaolifanya ua lishike tunda, haikai wazi kama ya alizeti. Imefungwa ndani ya vifuko vinavyosimama katikati ya ua, na kila kifuko kina vitundu vidogo nchani tu. Nyuki wa asali akitua hapo huhangaika kidogo kisha huondoka, maana hana namna ya kuitoa. Anayeiweza ni nyuki wa aina nyingine: mkubwa, mweusi, mwenye mvumo mzito, yule anayelaaniwa kwa kutoboa boriti za nyumba. Huyu hulikumbatia ua kwa miguu yote, huacha kupiga mabawa, halafu hutetemesha misuli ya kifua chake hadi chavua inammwagikia tumboni kama unga unaopita kwenye chekeche. Shughuli nzima huisha kwa sekunde chache. Mkulima aliyesimama hatua tatu kutoka hapo huona dudu jeusi limetua na kuruka. Kamera iliyosogezwa karibu humwonyesha jambo jingine kabisa: mwili uliojaa nywele, nywele zilizojaa chavua, na ncha ya ua ikigusa pale pale chavua ilipoganda.

Picha ya namna hii wapigapicha huiita picha ya makro. Maana yake ya asili ni kwamba kitu hutua kwenye sensa ya kamera kikiwa na ukubwa wake halisi au zaidi: nyuki wa milimita 12 huchukua milimita 12 za sensa, kisha hukuzwa mpaka akaujaza ukurasa. Kazi yenyewe ni ngumu. Kwa kipimo hicho, hata tundu la lenzi likibanwa hadi f/8, sehemu inayotokea kwa ukali haizidi milimita moja hivi. Jicho likitoka vizuri, bawa limefifia, na upepo mdogo ukilitikisa ua, kazi imeharibika. Ndiyo maana wanaoipenda huamka alfajiri, wakati wadudu bado wamezizima kwa baridi na umande haujakauka. Wengine hupiga picha nyingi mfululizo, kila moja imelenga nukta tofauti, kisha huziunganisha kwa programu ya kompyuta kuwa picha moja. Matokeo yake hupendeza, na mara nyingi safari yake huishia kwenye kalenda au ukuta wa hoteli. Ninachodai ni kwamba tumeipa picha hiyo kazi ndogo kuliko uwezo wake. Picha ya mdudu juu ya ua ni ushahidi wa shambani, na Afrika Mashariki, ambako watu wengi wanaishi kwa kulima, ingepaswa kuikusanya na kuisoma kama ushahidi. Hadi sasa tumejifunza kusoma picha za wadudu wa upande mmoja tu, wale tunaowashtaki.

Mfano wa hilo bado haujapoa. Mwaka 2016 viwavijeshi vamizi, ambao asili yao ni mabara ya Amerika, waligunduliwa Afrika Magharibi, na kufikia 2017 walikuwa wameshaingia kwenye mahindi ya Kenya, Uganda na Tanzania. Kabla ya kutafuta dawa ilibidi kwanza wajulikane, kwa sababu kwa macho ya haraka kiwavi hufanana na kiwavi. Kilichosaidia ni picha ya karibu: mabango na vipeperushi vilivyomwonyesha mkulima alama ya herufi Y iliyopinduliwa kwenye kichwa cha kiwavi, na madoa manne yaliyokaa kama pembe za mraba karibu na mkia. Mwaka 2018 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilizindua programu ya simu ya kufuatilia viwavi hao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania nchini Marekani na washirika wao walitengeneza nyingine na kuipa jina la Kiswahili, Nuru. Mkulima huelekeza simu kwenye jani la muhogo au la mahindi, nayo humwambia inachokiona, hata pasipo intaneti. Kwa hiyo swali la kama picha ya karibu inaweza kumfaa mkulima wa ekari moja limeshajibiwa. Linalobaki ni kwa nini tuliishia kwa adui. Tazama mabango ya maduka ya pembejeo: vidukari, nzi weupe na viwavi wamepangwa mmoja mmoja, kama watu wanaotafutwa na polisi. Nyuki wa bilinganya hayupo.

Sehemu ya lawama ni ya lugha tunayoitumia. Neno mdudu limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Kwalo tunamtaja nyuki na kunguni, buibui na funza, hata kimelea cha ugonjwa kisichoonekana. Na kuna miaka ambapo mitaani lilikuwa jina la virusi vya UKIMWI. Anayeuza dawa ya wadudu hana haja ya kueleza ni wadudu gani, kwani jina limeshatoa hukumu. Kiswahili chenyewe si maskini. Kinamjua dondora anayejenga kwa udongo na kumtenga na nyigu na mavu. Kinamjua vunjajungu na kerengende. Kinawajua majimoto, wale chungu wakali wanaoshona majani ya mwembe kuwa nyumba. Wafugaji huwatofautisha nyuki wakubwa na nyuki wadogo wasiouma. Lakini ukiyapanga majina haya utaona mengi yametokana na nani anauma, nani anaharibu na nani anatoa asali. Fuata nyuki ule asali, twasema, na tukishakula asali tunaacha kumfuata. Wale wanaofanya kazi kimya kwenye maua, wakiwemo nzi waliovaa milia ya nyuki, nyuki wapweke wasio na mzinga na nondo wa usiku, wamebaki chini ya jina moja la jumla. Kamera ya karibu huwatenganisha hata kama lugha haijafanya hivyo. Mkuze yule mdudu mwenye milia aliyetua kwenye ua la mwembe, uhesabu mabawa mawili badala ya manne na kuona vipapasio vifupi kama visiki: huyo ni nzi, hana hata mwiba wa kukuchoma. Kiumbe akishapata sura, watu huanza kumtafutia jina.

Je, kuna sababu ya kuwajali? Jibu linaanzia kwenye sinia, na lazima litolewe bila kutia chumvi. Mahindi huchavushwa na upepo, mpunga na ngano hujichavusha zaidi, na muhogo, viazi na ndizi tunazokula havingoji mdudu. Mwenye kutangaza kwamba nyuki wakitoweka sote tutakufa njaa anasema zaidi ya anachokijua. Utafiti uliochapishwa 2007 ulipitia mazao makuu 115 ya chakula duniani na kukuta kwamba 87 kati yake hunufaika na uchavushaji wa wanyama, hasa wadudu. Lakini kwa wingi wa mavuno, mazao hayo ni asilimia 35 tu ya kinachozalishwa. Kwa lugha ya jikoni, ugali hauhitaji nyuki, mboga inahitaji. Boga, tango, tikiti, bilinganya, embe, papai, pasheni na mafuta ya alizeti ndivyo vinavyoleta vitamini mezani na fedha sokoni. Hata kahawa ya arabika, ambayo ina uwezo wa kujichavusha, inaonyesha tofauti. Katika jaribio lililofanywa kwenye miteremko ya Kilimanjaro na kuchapishwa 2014, watafiti waliwazuia wachavushaji wasiyafikie baadhi ya maua ya kahawa na kuwaachia mengine. Maua yaliyotembelewa yalitoa matunda mazito zaidi kwa takriban asilimia 7. Nyongeza hiyo haimjengei mtu ghorofa, lakini mkulima hakuilipia mbolea wala kibarua.

Turudi kwenye bilinganya. Huko Nguruman, kusini mwa Kenya, uchunguzi uliochapishwa 2008 ulifuatilia mashamba ya zao hilo na kukuta kwamba wanaolichavusha ni nyuki wa porini. Ua la bilinganya halina mbochi, kwa hiyo nyuki hawawezi kuishi kwa hilo peke yake. Kinywaji chao hukipata kwenye maua ya mwituni, na shamba likiwa mbali na uoto wa asili wanaolifikia hupungua. Kichaka cha pembezoni, ambacho mgeni angekiita uchafu, ndicho kinachomlisha mfanyakazi wa shamba. Papai nalo lina kisa cha namna hiyo. Kwenye aina ambazo mti dume na mti jike ni mbalimbali, wako wakulima wanaoikata mipapai dume yote kwa kuwa haizai, bila kukumbuka kwamba jike naye hatazaa pasipo chavua ya dume. Kazi ya kuibeba hufanywa na nondo wenye mrija mrefu kuanzia jua linapozama, na utafiti uliofanywa Kenya umeonyesha kwamba nao hutegemea uoto wa asili ulio jirani. Ni wangapi wamewahi kumwona nondo huyo akiwa kazini? Anakuja wakati watu wamekaa kula, huning'inia hewani mbele ya ua, na kukicha hayupo. Picha moja iliyopigwa kwa taa ya kamera saa moja ya usiku, mrija umezama ndani ya ua na chavua imeganda usoni, ni utetezi wa mpapai dume unaoeleweka hata kwa asiyesoma.

Anayedhani kwamba kumchungulia mdudu kwenye ua ni mchezo wa watoto aangalie historia ya mchikichi. Mti huo asili yake ni Afrika Magharibi. Malaysia iliupanda katika mashamba makubwa, lakini maua mengi hayakushika vizuri. Iliaminika kwamba upepo ndio unaouchavusha, na vibarua waliajiriwa kupulizia chavua kwa mikono. Mtaalamu wa wadudu Rahman Syed akaenda kuyatazama maua ya mchikichi huko Kamerun, kwenye makazi yake ya asili, akakuta yamejaa fukusi wa milimita chache wanaotoka ua dume kwenda ua jike. Mwaka 1981 fukusi hao waliachiwa katika mashamba ya Malaysia. Haukupita muda mrefu kazi ya kuchavusha kwa mikono ikaachwa, na maua yakashika kuliko awali. Hapakuwa na mbegu mpya wala mbolea mpya. Kilichobadilika ni kwamba mtu mmoja alitazama kwa karibu, mahali panapostahili, akaamini alichokiona kuliko kilichokuwa kikisemwa. Tanzania, ambayo imekuwa ikihimiza michikichi ya Kigoma ili kupunguza mafuta yanayoagizwa kutoka nje, ina kila sababu ya kuwafahamu kwa sura wadudu wanaoyahudumia maua hayo.

Wadudu hatujawakosa. Tulichokosa ni kumbukumbu. Ua la chungu liitwalo Saintpaulia lilichukuliwa kutoka milima ya Usambara mwaka 1892 na ofisa wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire, likaenea hadi likakaa kwenye madirisha ya dunia nzima. Huko huzalishwa kwa kuotesha majani, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kuuliza nani hulichavusha likiwa kwao. Uchunguzi ambao mtaalamu wa wadudu wa Kenya, Dino Martins, aliufanya kwa spishi ya vilima vya Taita ulichapishwa 2008, zaidi ya miaka 100 baada ya ua hilo kupata umaarufu. Jibu lilikuwa nyuki mtetemeshaji, anayefanya kazi kwa mbinu ile ile ya nyuki wa bilinganya. Linganisha na Ujerumani. Taarifa iliyotikisa dunia mwaka 2017, kwamba uzito wa wadudu warukao katika maeneo 63 yaliyohifadhiwa ulishuka kwa zaidi ya asilimia 75 ndani ya miaka 27, ilitokana na kazi ya chama cha wapenda wadudu cha mji wa Krefeld, ambacho wengi wa wanachama wake hawakuajiriwa kwa kazi hiyo. Walitega mitego ya aina moja, wakapima kwa namna moja, wakaandika tarehe. Sisi tukiulizwa leo kama nyuki wa bilinganya wamepungua Morogoro au Kirinyaga tangu mwaka 2000, tutajibu kwa hisia. Wapigapicha wetu wa wadudu wanaweza kuwa Krefeld yetu, kwa sharti kwamba kila picha iandamane na mahali ilipopigwa, tarehe, na jina la mmea. Picha nzuri isiyo na hayo ni shahidi asiyejua alikuwa wapi siku ya tukio.

Mwanasayansi atainua mkono hapa, na ana haki. Duniani kuna zaidi ya spishi 20,000 za nyuki, na nyingi kati ya hizo haziwezi kutambuliwa kwa picha. Sharti mdudu achomwe pini na kuwekwa chini ya hadubini, akaguliwe vinyweleo na mishipa ya bawa. Zaidi ya hayo, mdudu kuwepo juu ya ua hakumfanyi kuwa mchavushaji. Kwenye ua la pasheni nyuki wa asali huweza kupita chini ya vifuko vya chavua, akachukua anachokitaka na kuondoka bila kugusa panapohitajika, kama mgeni wa arusi aliyekula na kutoweka kabla ya kutunza. Lakini pingamizi hili ndilo linalotetea picha ya karibu kuliko mimi. Mdudu wa kwenye pini anakuambia yeye ni nani. Hakuambii alikuwa akifanya nini. Picha iliyopigwa ubavuni huonyesha kama mgongo wa nyuki mkubwa umegusa vifuko, kama chavua imempaka, kama ndiyo sehemu hiyo hiyo inayogusa ncha ya kupokelea. Vyote viwili vinahitajiana, na makumbusho haiwezi kuwa kwenye kila shamba kila asubuhi. Wala mkulima hahitaji jina la Kilatini ili afanye uamuzi. Akijua kwamba huyu ni nyuki wa kutetemesha, anajenga kwenye kuni kavu na anakunywa kwenye kichaka kile, ameshapata vya kutosha kumzuia asikichome moto kichaka hicho.

Pingamizi zito zaidi ni la mkulima mwenyewe. Nyanya zake zinaliwa na kiwavi aitwaye kantangaze, mkopo unamsubiri, na mtu anamletea picha za maua. Mbele ya hali hiyo, mahubiri ya kuacha viuatilifu ni anasa ya aliyeshiba. Picha, hata hivyo, haimkatazi kupulizia, inampangia saa. Ua la tikiti hufunguka asubuhi na kufunga siku hiyo hiyo, na nyuki hulihudumia katika muda huo. Dawa isiyodumu muda mrefu ikipuliziwa jioni, nyuki wakiwa wameondoka, itawafikia waharibifu na kuwapunguzia madhara wafanyakazi. Jambo hili huenda limeandikwa kwenye lebo ya chupa, kwa herufi ndogo, mara nyingine kwa lugha ambayo mnunuzi haijui. Picha ya ua la tikiti saa tatu asubuhi likiwa na nyuki ndani, na ya ua hilo hilo saa kumi na mbili jioni likiwa limesinyaa, inasomeka bila miwani. Kuna pia wadudu wanaomsaidia mkulima kwa kula wenzao. Katika miaka ya 1950 mtafiti Michael Way alichunguza minazi ya Zanzibar na kuonyesha kwamba majimoto, ambao kila mkwezi anawachukia kwa kuuma, huwafukuza kunguni wanaonyonya nazi changa na kuziangusha. Dawa inayomuua majimoto inamfungulia mlango mwizi. Mkulima anayeijua sura ya kila mmoja bado atanunua dawa, ila atanunua kidogo na kwa sababu.

Wengine watasema hiki ni kitu cha watalii na wenye fedha, na kwa kiasi fulani ni kweli. Mwingereza Levon Biss aliunganisha maelfu ya picha ili kupata taswira moja ya mdudu mkavu kutoka makumbusho ya Chuo Kikuu cha Oxford, na kazi yake ikavuta watu wengi. Hiyo ni sanaa, na sanaa haiombi radhi kwa gharama zake. Ushahidi wa shamba hauhitaji hayo. Kipande cha lenzi cha kubandika kwenye simu huuzwa kwa bei isiyofikia gunia la mahindi, na simu nyingi zilizotengenezwa miaka ya karibuni huweza kusogea sentimita chache kutoka kwenye ua bila kupoteza ukali. Picha iliyofifia ukingoni, yenye kivuli cha kidole, lakini inayoonyesha nani yuko juu ya ua gani, ina kazi zaidi kuliko picha kamilifu isiyo na anwani. Hatari kubwa kuliko ufukara wa vifaa ni udanganyifu. Wako wapigapicha wanaomweka mdudu kwenye friji ili azubae, wanaombandika kwa gundi, wanaonyunyiza maji na kuyaita umande. Na sasa ziko picha zilizoundwa na akili unde, zenye nyuki wa miguu minne juu ya maua ambayo hayajawahi kuota popote. Katika pambo, hilo ni suala la ladha na huruma. Katika ushahidi, ni kughushi. Anayetaka picha yake iaminiwe aseme wazi mdudu alikuwa hai na huru, na kama alimgusa, akiri.

Linabaki pingamizi la heshima: kwamba mkulima analijua shamba lake na hahitaji kufundishwa na kamera. Ni kweli anajua mengi, na picha iliyokuja kumdharau itakuwa imekosa njia. Yeye ndiye anayejua kichaka kipi huvuma asubuhi, na mara nyingi kijiji chake kina jina la mdudu ambalo kamusi haijawahi kulisikia. Lakini hakuna jicho la binadamu, la profesa wala la mkulima, linaloona chavua juu ya unywele wa mdudu anayetetemeka, au nondo wa gizani. Ushirikiano unaofaa ni ule ambapo picha inapelekwa barazani, mwenye shamba anaiangalia, anataja jina la kwao na kusema humwona msimu gani. Hapo picha imepata maelezo yake, na Kiswahili kimepata neno. Jina hilo likiandikwa kando ya jina la kitaalamu, lile rundo linaloitwa wadudu linaanza kugawanyika kuwa viumbe wenye kazi zinazojulikana.

Hatua za kuanzia si ghali. Ofisa ugani ambaye tayari hupiga picha ya jani lenye ugonjwa apige na ya ua lenye mgeni, aihifadhi pamoja na tarehe na jina la kijiji. Walimu wa biolojia, ambao kwa miaka wamechora ua ubaoni kwa chaki, wawatoe wanafunzi kwenye bustani ya shule wakiwa na simu moja kwa darasa zima. Mashindano ya picha za maumbile yatoe alama kwa maelezo ya chini ya picha sawa na yanavyotoa kwa mwanga na rangi. Magazeti nayo, hili likiwemo, ambayo hutoa ukurasa mzima viwavi wanapovamia, yatoe robo ukurasa msimu wa maua. Na wanaochapisha mabango ya maduka ya pembejeo waongeze safu ya pili: upande mmoja vidukari na viwavi, upande wa pili nyuki mweusi wa bilinganya mwenye tumbo la njano, nzi mwenye milia wa ua la mwembe, nondo wa papai, majimoto wa mnazi. Mkulima atakayeingia kununua dawa na kukuta safu hizo mbili ukutani atakuwa na swali la kumuuliza muuzaji kabla hajatoa fedha, swali ambalo bango la leo halimpi: hii inaua wa upande upi?